Virginia Apgar, daktari aliyeipa uzito dakika ya kwanza ya mtoto

Ukijifungulia hospitalini, kwenye kadi ya mtoto huenda ukakuta alama kama 8/10. Alama hiyo inatokana na kazi ya Dk Virginia Apgar, aliyezaliwa Juni 7, 1909, New Jersey, Marekani.

Alihitimu udaktari Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1933. Alitamani kuwa daktari wa upasuaji, lakini mkuu wake alimshauri aingie fani ya dawa za usingizi. Mwaka 1949 akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa kamili katika chuo hicho cha udaktari.

Katika chumba cha kujifungulia aliona tatizo. Macho yote yalikuwa kwa mama, na mtoto aliyezaliwa wa bluu bila kulia hakuwa na kipimo maalumu. Mwaka 1952 alipanga mambo matano ya kuangalia dakika moja baada ya kuzaliwa: mapigo ya moyo, upumuaji, nguvu za misuli, mwitikio anapoguswa na rangi ya ngozi. Kila moja hupewa 0, 1 au 2. Baadaye kipimo kikawa kinarudiwa dakika ya tano.

Yeye na wenzake walipima pia damu ya watoto. Waliozaliwa na alama za chini walikuwa na oksijeni kidogo na asidi nyingi. Hilo ni jambo zito, kwa sababu ubongo hauna akiba ya oksijeni. Ukiikosa kwa dakika chache, unaweza kudhurika.

Dk Apgar alifariki Agosti 7, 1974. Leo mtoto mwenye shida ya kupumua hufungwa kifaa mkononi au mguuni kinachopima oksijeni ya damu. Baadhi ya hospitali hubandika kingine kwenye paji la uso. Mwanga wake hupenya fuvu na kuonyesha oksijeni iliyofika kwenye ubongo.

Mzazi, alama ndogo ya dakika ya kwanza haitabiri akili ya mtoto. Wengi hupata nafuu wakisaidiwa mapema. Lakini ukiwa nyumbani, mtoto akiguna anapopumua, mbavu zikiingia ndani, akihema zaidi ya mara 60 kwa dakika, akishindwa kunyonya, au ulimi na midomo ikiwa ya bluu, mwahishe hospitali. Usingoje kesho.