Bingwa Aliyetaka Kupigana na Mwalimu

Kuna swali lisilokosa kuzuka kila vijana wanapokusanyika kwenye mialo yetu, tangu Kirumba hadi Nansio na Ukara, mara redio inapotangaza pambano la masumbwi. Nalo ni hili: Idi Amin wa Uganda, aliyekuwa bingwa wa ngumi kabla hajawa mtawala, angeweza kusimama na mabondia waliokuja baada yake? Wengine hujibu kwa haraka kwamba angewaangusha wote, kwa kuwa alikuwa pande la mtu na alishika ubingwa kwa miaka tisa. Jibu hilo limeanza kugeuka sifa, na sifa hiyo inatajwa katika mwambao uliodondoshewa mabomu mara mbili kwa ajili ya mtu huyo huyo. Kwa hiyo twaona yafaa habari zake zielezwe kama zilivyokuwa, kwanza za ulingoni, kisha zile nyingine.

Idi Amin alikuwa Mkakwa, aliyezaliwa yapata mwaka 1925. Mwaka 1946 aliingia katika jeshi la Kiingereza la Kings African Rifles akiwa msaidizi wa mpishi. Elimu yake ilikuwa haba, lakini alikuwa na kimo cha futi sita na inchi nne na mabega ya kukilingana, na maofisa wa Kiingereza wa siku hizo waliwapenda sana askari hodari wa michezo. Aliogelea, alicheza raga, na zaidi ya yote alipigana ngumi. Mwaka 1951 alitwaa ubingwa wa Uganda katika uzito ulio chini kidogo ya uzito wa juu kabisa, akaushika hadi mwaka 1960. Katika muda huo huo alipanda vyeo. Mwaka 1959 alifanywa efendi, cheo cha juu kabisa ambacho Mwafrika aliweza kukipata bila kamisheni, na mwaka 1961 akawa mmoja wa wananchi wawili wa kwanza wa Uganda kupewa kamisheni. Ngumi hazikumpa vyeo hivyo peke yake, lakini hapana shaka zilimfanya ajulikane kwa wakubwa wake.

Sasa tuupime ubingwa wenyewe. Uganda ya miaka ya hamsini ilikuwa nchi ndogo chini ya himaya ya Mwingereza, na waliopigana ngumi kwa utaratibu hawakuwa wengi. Mabondia wa uzito mkubwa walikuwa wachache zaidi, kwa maana mtu wa kilo themanini haonekani kila siku katika nchi ambayo watu wake wengi ni wakulima wembamba. Uganda ilipeleka wanamichezo wake kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1956 huko Melbourne, na mwaka 1958 huko Cardiff bondia wake Thomas Kawere alipata medali ya fedha katika michezo ya nchi za Jumuiya ya Madola. Miaka yote hiyo miwili Amin alikuwa bingwa wa taifa katika uzito wake, na hata hivyo hakuna medali ya kimataifa iliyoandikwa kwa jina lake. Hatusemi kwamba hakuwa hodari. Mtu hawezi kubaki bingwa wa nchi kwa miaka tisa kwa bahati tu. Tunasema kwamba alikuwa bingwa wa kijiji chake, na kijiji kile kilikuwa bado hakijatoka nje kupigana na vijiji vingine.

Kilipotoka ndipo ilipoonekana tofauti. Uganda ya miaka ya sabini ilizaa mabondia ambao ulimwengu mzima uliwatambua. Mwaka 1974 Ayub Kalule alipata dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, na mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa huko Havana. Lakini yule anayetufaa kwa kipimo chetu ni Mustapha Wasajja, kwa sababu alipigana katika uzito ule ule wa Amin. Wasajja alikwenda Denmark akafanya ngumi kuwa kazi yake, akafundishwa na watu wasiofanya kingine, akapanda hadi kupata nafasi ya kugombea ubingwa wa dunia. Februari 1982, huko Atlantic City, Michael Spinks wa Marekani alimmaliza katika raundi ya sita. Spinks huyo alipanda uzito, na mwaka 1985 akamnyang'anya Larry Holmes ubingwa wa uzito wa juu. Mwaka 1988 alikutana na Mike Tyson, na pambano likaisha kwa sekunde 91.

Msomaji aihesabu ngazi hiyo mwenyewe. Amin yuko kwenye kipago cha chini, na juu yake yuko Wasajja, kisha Spinks, kisha Tyson. Kimo chake kisimdanganye mtu, kwani Tyson alikuwa mfupi kwa Amin kwa takriban nusu futi. Aidha, ngumi za ridhaa alizozizoea Amin ni za raundi tatu, na mtu mwenye mwili mkubwa anaweza kushinda raundi tatu kwa nguvu na vitisho, hasa akiwa askari anayepigana na watu wanaomwogopa tangu nje ya ulingo. Raundi ya kumi haina habari na vitisho. Maoni yetu ni kwamba Wasajja angemchosha Amin mapema na kumpiga atakavyo, na Spinks asingehitaji hata raundi sita.

Tena si lazima twende Uganda kutafuta kipimo. Mtanzania mwenzetu Titus Simba alipata medali ya fedha ya uzito wa kati huko Edinburgh mwaka 1970, akishindwa katika fainali na John Conteh wa Uingereza, ambaye mwaka 1974 alikuwa bingwa wa dunia katika uzito ule ule wa Amin. Simba alivuka bahari, akapigana na mtu wa namna hiyo, akarudi na medali. Inasikitisha kwamba kijana wa visiwani anaweza kueleza ngumi za Amin kwa nusu saa nzima, na ukimtajia Titus Simba anakuuliza ni nani. Hilo si kosa la kijana peke yake. Maofisa wa michezo wa wilaya na mikoa, ambao nao husoma ukurasa huu, wajiulize ni mara ngapi wamewahi kuwasimulia wanafunzi habari za Edinburgh.

Tuje kwa zile habari nyingine. Tarehe 25 Januari 1971 Amin aliipindua serikali ya Milton Obote. Mwalimu Nyerere alikataa kumtambua, na tangu hapo Ziwa letu likawa mpaka wa hatari. Septemba 1972 ndege za Uganda zilidondosha mabomu Bukoba na hapa Mwanza, hadi yalipofikiwa mapatano ya Mogadishu mwezi Oktoba. Ndani ya Uganda Waasia walifukuzwa mwaka 1972, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa mwaka 1977, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu 300,000 walipoteza maisha katika utawala huo wa miaka minane. Hao hawakupewa glavu wala mwamuzi.

Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi yake yalivuka mpaka na kuingia Kagera kwa nguvu. Ni siku iliyotimiza miaka minne kamili tangu Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman huko Kinshasa, naye Foreman alikuwa ameanza pambano lile kwa nguvu vilevile. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa, na wananchi wapatao 1,500 wakauawa. Daraja la Kyaka lilivunjwa. Mwezi Novemba, wakati Tanzania ikikusanya askari na reli ikiwaleta watu hadi hapa Mwanza, Amin alitangaza kwamba vita imalizwe ulingoni: yeye na Mwalimu wapigane ngumi, Muhammad Ali awe mwamuzi, na yeye Amin angekubali kufungwa mkono mmoja nyuma ili mchezo uwe wa haki. Watu wengi duniani walicheka. Katika vijiji vya Kagera wakati huo walikuwa wakizika.

Mwalimu alikuwa na umri wa miaka 56 na mwili mwembamba, wala hakuwa na haja ya kujibu. Majibu yalipelekwa na jeshi. Machi 29, 1979, Libya ikiwa imekuja kumsaidia Amin, ndege yake ya kivita iliruka hadi Mwanza ikilenga matangi ya mafuta. Ilikosa shabaha kwa mbali, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala kadhaa waliokuwa wakifugwa humo. Wiki mbili hazikutimia, Aprili 11, Kampala ikaanguka, na bingwa wa miaka tisa akawa njiani kuelekea Libya. Kwa upande wetu askari 373 hawakurudi.

Huyo mwamuzi aliyependekezwa alifika Tanzania kweli, lakini kwa jambo jingine. Februari 1980 Rais Carter wa Marekani alimtuma Muhammad Ali Dar es Salaam kutuomba tusiende kwenye Olimpiki ya Moscow. Mwalimu hakukubali kumwona, na wanamichezo wetu walikwenda Moscow. Amin mwenyewe aliishia Saudi Arabia, akakaa huko miaka mingi bila kushitakiwa popote. Alifariki Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, akazikwa huko huko.