Elijah Masinde: Mwamuzi wa Mlima Elgon

Katika Kitabu cha Waamuzi, mkombozi hachipuki katika ukoo wa kifalme. Gideoni aliitwa akiwa anapura ngano mafichoni. Yeftha alikuwa amefukuzwa na ndugu zake. Katika nyanda zinazouzunguka Mlima Elgon, kutoka Suam na Kitale hadi Bungoma, mkombozi wa aina hiyo alikuwa Elijah Masinde.

Masinde alizaliwa Kimilili mwanzoni mwa miaka ya 1910. Alijiunga na Kanisa la Marafiki, akaichezea Kenya kandanda dhidi ya Uganda mwaka 1930, kisha akaajiriwa kupeleka hati za wito za mahakama ya wenyeji. Alipooa mke wa pili, kanisa lilimtenga. Baadaye aliiongoza Dini ya Msambwa, iliyowarejesha Wabukusu kwenye ibada za wahenga wao. Hapa ndipo anapotofautiana na Gideoni: yule aliyabomoa madhabahu ya baba yake, ilhali Masinde alikusudia kuyasimamisha upya.

Mwaka 1944 alikaidi amri ya kazi za shuruti. Alifungwa, halafu akazuiliwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari hadi mwaka 1947. Mnamo Septemba mwaka huo aliongoza tambiko huko Chetambe, mahali Wabukusu waliposhindwa na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi waumini huko Malakisi, watu 11 wakafa. Dini ikapigwa marufuku, naye Masinde akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu.

Hata hivyo, imani hiyo haikuzimika. Ilienea miongoni mwa vibarua wa mashamba ya walowezi huko Trans Nzoia, ikawafikia pia Wapokot, ambao kiongozi wao, Lukas Pkech, aliuawa Kolloa mwaka 1950.

Masinde aliachiliwa mwaka 1961. Gideoni aliombwa atawale baada ya ushindi, akakataa, Masinde hakuombwa. Serikali huru, sawa na ile ya kikoloni, ilimwona kuwa tishio. Ilimfunga tena, na mwaka 1968 ikaipiga marufuku dini yake. Alifariki mwaka 1987, akiwa ameshuhudia uhuru wa nchi aliyoipigania bila yeye mwenyewe kuruhusiwa kuabudu alivyotaka.