Wasifu wa Emmy Noether (1882–1935)

Mtahiniwa, katika fizikia umekariri kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi. Je, umewahi kujiuliza kwa nini iko hivyo? Jibu lilitolewa na mwanamke ambaye wakati huo chuo alichofanyia kazi hakikumlipa hata senti.

Emmy Noether alizaliwa tarehe 23 Machi 1882 mjini Erlangen, Ujerumani. Baba yake, Max, alikuwa profesa wa hisabati mjini humo. Emmy alifuzu kwanza kufundisha Kifaransa na Kiingereza, kisha akageukia hisabati. Wanawake walikuwa hawasajiliwi chuoni, hivyo aliketi darasani kwa idhini ya wahadhiri tu. Sheria ilipobadilika, alijisajili mwaka 1904, na mwaka 1907 akapata shahada ya uzamivu. Akafanya kazi Erlangen takriban miaka saba bila mshahara. Sekondari yako yote haifiki miaka hiyo!

Mwaka 1915 David Hilbert na Felix Klein walimwita Göttingen. Baadhi ya maprofesa walikataa katakata mwanamke kufundisha. Hilbert akatafuta njia: mihadhara ilitangazwa kwa jina lake, akaifundisha Emmy. Katika hali hiyo alichapisha nadharia yake mwaka 1918. Soma hapa polepole. Ikiwa sheria za maumbile ni zilezile jana, leo na kesho, basi nishati lazima ihifadhiwe. Zikiwa zilezile hapa na kule, momenta nayo huhifadhiwa.

Ruhusa ya kufundisha kwa jina lake aliipata mwaka 1919. Usije ukaandika kuwa alikuwa profesa kamili wa Göttingen. Cheo hicho hakupewa kamwe, na malipo yake yalibaki madogo. Hata hivyo, ni hapo alipoigeuza aljebra. Badala ya kusaka jawabu la mlinganyo mmoja mmoja, alichunguza kanuni zinazotawala mifumo mizima, na vijana wakatoka nchi nyingine kuja kumsikiliza.

Mwaka 1933 serikali ya Wanazi ilimfukuza kazi kwa kuwa Myahudi. Aliendelea kukutana na wanafunzi nyumbani kwake, kisha akahamia Marekani, katika chuo cha wanawake cha Bryn Mawr, Pennsylvania. Alifariki tarehe 14 Aprili 1935, siku chache baada ya upasuaji, akiwa na umri wa miaka 53. Majivu yake yamezikwa chuoni hapo, chini ya njia wanayopita wanafunzi.