Powell: Diwani aliyepata kiti kwa kususia mabasi

ADAM Clayton Powell Jr. alikuwa na umri wa miaka 32 alipochaguliwa Novemba 1941 kuwa mtu mweusi wa kwanza katika Baraza la Jiji la New York, Marekani. Kiti hicho alikitolea jasho mitaani.

Alizaliwa mwaka wa 1908 mjini New Haven, akalelewa New York, ambako babake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Abyssinian Baptist. Mnamo 1937 alimrithi babake katika mimbari ya kanisa hilo lililoko mtaa wa Harlem.

Wakati huo maduka mengi ya Harlem yalipokea fedha za watu weusi lakini yakawanyima ajira, isipokuwa kazi za sulubu. Powell na wenzake waliandamana nje ya maduka hayo, wakiwahimiza wakazi wasinunue pale wasipoajiriwa.

Mapema mwaka wa 1941 wakazi walisusia mabasi kwa takriban mwezi mmoja, wengi wakienda kazini kwa miguu. Hatimaye kampuni za mabasi zilisalimu amri na kukubali kuajiri madereva na mafundi weusi. Miezi michache baadaye, wapigakura walimtuma Powell barazani.

Huko alishutumu vyuo vya jiji kwa kutowaajiri wahadhiri weusi. Aidha, mnamo 1942 alishiriki kuanzisha gazeti la People's Voice lililotetea Harlem.

Hata hivyo, sauti ya diwani mmoja ilikuwa na mipaka. Mnamo 1943, jiji liliipa kampuni ya bima ya Metropolitan Life msamaha wa kodi ili ijenge makazi ya Stuyvesant Town, ingawa ilikuwa imetangaza kuwa haingewapokea wapangaji weusi. Powell aliupinga mradi huo, lakini ukaidhinishwa.

Mwaka uliofuata alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi. Huko alishikilia kwa miaka mingi kwamba fedha za umma zisitolewe kwa wanaobagua, kanuni iliyoingizwa katika Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964.

Sifa zake zilitiwa doa na tuhuma za matumizi mabaya ya fedha, na wabunge wakamnyima kiti mnamo 1967. Miaka miwili baadaye, Mahakama ya Juu iliamua kuwa hatua hiyo ilikiuka katiba. Alifariki Aprili 4, 1972, akiwa na umri wa miaka 63.