Annalena Tonelli: Mzungu wa Wajir Aliyetupa Digrii ya Sheria Akachagua Watoto Wenye Ulemavu

Ukiuliza wazee wa kutoka Buna hadi Wajir mjini, jina la Annalena bado linatajwa kwa heshima. Lakini mbogi ya sai wengi hawamjui. Tulia nikupe stori.

Annalena Tonelli alizaliwa Forlì, Italia, Aprili 2, 1943. Alisomea sheria akamaliza, lakini mambo ya korti hayakumbamba. Mwaka wa 1969 akatua Kenya kama ticha, akaanza kufunza Chinga, kule Nyeri. Baadaye akahamia Wajir, mahali hata makarani wa serikali walikuwa wakiona kutumwa huko ni kama adhabu.

Hakuwa sista wa kanisa. Hakuolewa, na hakuwa akilipwa mshahara. Alikuwa Mkatoliki akiishi katikati ya Waislamu, na hakuja kubadilisha mtu dini.

Akiwa na marafiki zake, alifungua kituo cha watoto wenye ulemavu: walioangushwa na polio, vipofu na viziwi. Kazi ya aina hiyo haina haraka, msee. Unaweza kumaliza miezi ukifunza mtoto kushika kijiko, kuvaa shati au kupiga hatua moja. Ni kazi ileile mtoto mwenye usonji anaihitaji leo: mtu wa kukaa naye na kurudia kitu kimoja hadi kishike.

Hapohapo TB ilikuwa inamaliza wafugaji. Dawa zilikuwa za mwaka mzima na zaidi, na mfugaji hawezi kulala wadi ngamia wakienda. Mwaka wa 1976 Annalena akaanza mpango mwingine: wagonjwa wapige manyatta karibu na kituo, wameze dawa kila siku wakiangaliwa, miezi 6 hivi. Ikawork. Njia kama hiyo ya kumeza dawa mbele ya mhudumu ndiyo Shirika la Afya Duniani lilikuja kupigia debe dunia nzima.

Halafu Februari 1984 ikafika Wagalla. Wanajeshi walikusanya wanaume kwenye uwanja wa ndege na kuua wengi. Serikali ilikubali watu 57 pekee. Manusura wanahesabu maelfu. Annalena alitibu majeruhi, akasaidia kuokota miili, na akahakikisha habari zimevuka mipaka. Angenyamaza, angebaki na watoto wake. Hakunyamaza, na ikabidi aondoke Kenya.

Akaenda Somalia, akaponea risasi na vita. Kule Borama alijenga hospitali ya TB ya vitanda 250, na shule ya watoto viziwi na wenye ulemavu. Juni 2003 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo ya Nansen. Oktoba 5 mwaka huohuo, akapigwa risasi pale pale hospitalini. Alikuwa na miaka 60.

Leo mzazi wa Buna mwenye mtoto asiyeongea na asiyependa kelele bado anaweza kuambiwa ni jini au laana. Annalena alikuja na digrii ya sheria, hakuwa daktari. Alichokuwa nacho ni muda, na aliutoa wote. Je, kwenu mtaani nani anakaa na mtoto kama huyo?