RUDOLF DIESEL: MTU ALIYEGEUKA JINA LA MAFUTA

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Kila asubuhi nikija shuleni hupita kituo cha mafuta ambapo malori yaendayo Mombasa husimama kujaza tangi. Neno dizeli nimelijua tangu utotoni, na nilidhani ni jina la mafuta tu, kama vile chumvi ni chumvi. Kumbe ni jina la mtu! Mwalimu wetu wa fizikia aliponiambia hivyo nilicheka, nikifikiri ananitania. Basi kaa kitako nikusimulie habari zake.

Rudolf Diesel alizaliwa mjini Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani, na baba yake alikuwa fundi wa vitu vya ngozi. Mwaka wa 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Wajerumani, nayo familia hiyo ikalazimika kukimbilia London. Huko pesa hazikuwapo. Rudolf, mtoto wa miaka 12 tu, akatumwa Augsburg, Ujerumani, akalelewe na jamaa yake aliyekuwa mwalimu wa hisabati. Miaka 12, jamani! Mimi na miaka yangu 16 bado naulizwa nyumbani nilikuwa wapi nikichelewa nusu saa.

Alisoma kwa bidii hadi akaingia chuo cha ufundi cha Munich, ambako alihitimu mwaka wa 1880 kwa alama za juu sana. Mwalimu wake, Carl von Linde, bingwa wa mashine za kugandisha barafu, aliwafundisha kwamba injini ya mvuke hutumia sehemu ndogo tu ya joto la makaa, na kwamba joto jingi hupotea bure. Jambo hilo lilimkaa Diesel kichwani zaidi ya miaka kumi. Kwa nini makaa yote yale yachomwe halafu kazi iwe kidogo?

Jibu lake hata wewe unaweza kulijaribu. Chukua pampu ya baisikeli, ziba tundu kwa kidole, kisha sukuma kwa nguvu mara kadhaa. Pampu itapata joto. Hewa ikibanwa huwa moto. Diesel alifikiri hivi: nikiibana hewa sana ndani ya silinda, halafu nikanyunyiza mafuta humo, yatawaka yenyewe bila plagi. Alipata hataza ya wazo hilo mwaka wa 1893, na kiwanda kimoja cha Augsburg kikakubali kumsaidia.

Kusema ni rahisi. Mwezi wa Agosti 1893, injini ya kwanza ilipojaribiwa, kifaa cha kupimia kanieneo kilipasuka na vipande vikaruka. Nusura wamzike! Taabu kubwa ilikuwa namna ya kuingiza mafuta. Ndani ya silinda hewa imebanwa vikali, kwa hivyo ukileta mafuta polepole yanarudishwa nje. Mwishowe alitumia hewa iliyobanwa zaidi kuyapuliza mafuta ndani yakiwa kama ukungu. Hilo lilihitaji kompresa kubwa, na ndiyo sababu injini zake zilifaa viwanda na meli, si magari. Malori yalingoja hadi miaka ya 1920, na mwaka wa 1927 kampuni ya Robert Bosch ilianza kutengeneza kwa wingi pampu ya kusukuma mafuta moja kwa moja.

Mwezi wa Februari 1897 profesa mmoja aliipima injini ya Diesel mbele ya watu. Ilitumia asilimia 26 hivi ya joto la mafuta. Injini za mvuke za wakati ule hazikuikaribia hata kidogo. Diesel akatajirika ghafla.

Sasa nije kwenye jambo lililonishangaza zaidi. Mwaka wa 1898 aliomba hataza nyingine huko Marekani, akaipata mwaka wa 1901. Humo alieleza kwamba injini moja inaweza kuchoma mafuta ya aina mbili kwa pamoja. Gesi ni ngumu kuwaka yenyewe hata ikibanwa pamoja na hewa. Basi iache ibanwe bila kuwaka, halafu nyunyiza mafuta kidogo yanayowaka upesi. Hayo mafuta yatakuwa kiberiti, na gesi yote itashika moto. Leo injini kubwa za namna hiyo zimo katika meli nyingi zinazobeba gesi iliyogandamizwa kwa baridi ikawa maji, na hata katika malori kadhaa ya Ulaya. Lakini si mchezo. Gesi ikibanwa kupita kiasi huwaka kabla ya wakati na injini inagonga kama nyundo. Ikiwa hafifu mno, nyingine hutoka kwenye ekzosi bila kuungua, nayo huchafua hewa. Na nyingi za injini hizo gesi ikiisha huendelea kwa dizeli peke yake. Yote hayo yalianza na mtu aliyezaliwa kabla ya gari la kwanza!

La kusikitisha ni kwamba aliyejua kuzuia joto lisipotee hakujua kuzuia pesa. Alijenga jumba la fahari Munich, akanunua ardhi kwa bei mbaya, akashtakiwa kuhusu hataza, na kichwa kikamuuma hadi akalazwa. Kufikia mwaka wa 1913 madeni yalikuwa yamemfika shingoni, ingawa watu walimdhania tajiri.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli Dresden kutoka Antwerp kwenda Uingereza. Alikula chakula na wenzake wawili, akaagiza aamshwe asubuhi saa kumi na mbili na robo, akaenda chumbani. Asubuhi kitanda kilikuwa hakijalaliwa. Wengine walisema alijirusha, wengine wakasema alisukumwa, na ubishi huo haujaisha. Alikuwa na miaka 55.

Siku kama kumi baadaye mabaharia wa Uholanzi waliona maiti baharini. Walichukua vitu vichache mfukoni, pamoja na kisu kidogo na kibweta cha miwani, wakaurudisha mwili majini. Mwanawe Eugen alionyeshwa vitu hivyo, akavitambua.