Kanali Charles Young: Mwalimu wa Maofisa Aliyenyimwa Vita

Wako watu waaminio kwamba ofisa wa jeshi hutengenezwa kambini tu, kwa jua kali na makelele ya sajini, na kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu kazi yake ni kitabu na kalamu. Maneno hayo nimeyasikia barazani si mara moja. Na kila niyasikiapo humkumbuka mtu mmoja aliyezaliwa mtumwa, akawa mwalimu wa elimu ya vita katika chuo kikuu, na mwisho akafia katika bara letu la Afrika. Mtu huyo ni Kanali Charles Young wa Marekani. Leo nataka nikusimulie maisha yake, msomaji, kwani yana funzo kwa kila mzazi na kila mwalimu.

Charles Young alizaliwa tarehe 12 Machi, 1864, katika kijiji cha Mays Lick, jimbo la Kentucky. Baba yake Gabriel na mama yake Arminta walikuwa watumwa, na kwa sheria ya siku zile mtoto wao naye alikuwa mali ya bwana. Marekani ilikuwa imo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka wa 1865 Gabriel alitoroka, akavuka mto Ohio, akajiandikisha katika kikosi cha mizinga cha watu weusi. Baada ya vita jamaa yote ilihamia mji wa Ripley, ng'ambo ya pili ya mto, na huko ndiko Charles alikosoma hata naye akawa mwalimu wa shule.

Baba mtu ndiye aliyemhimiza afanye mtihani wa kuingia West Point, chuo kikuu cha maofisa wa jeshi la Marekani. Aliingia mwaka wa 1884. Maisha ya huko yalikuwa machungu kama shubiri. Wanafunzi weupe walimsusia, wengi hawakutaka hata kusema naye. Hesabu zikamshinda, akarudia mwaka wa kwanza. Karibu na kumaliza, somo la uhandisi nalo likamwangusha. Mwalimu mmoja mweupe, George Goethals, yule aliyekuja kusimamia ujenzi wa mfereji wa Panama, akajitolea kumfundisha kando, naye akafaulu. Akahitimu mwaka wa 1889, mtu mweusi wa tatu kufanya hivyo. Kutoka hapo ilipita miaka 47 kabla ya mweusi mwingine kuhitimu pale.

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe. Mwaka wa 1862 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kuyapa majimbo ardhi ili yapate fedha za kuanzisha vyuo. Vyuo hivyo vilitakiwa vifundishe kilimo na ufundi, na pamoja na hayo vifundishe mbinu za vita. Shabaha ilikuwa nchi isitegemee maofisa wa West Point peke yao. Kijana asome udaktari au ukulima wake, lakini ajifunze pia kwata, kusoma ramani na kuongoza watu, ili siku ya haja asiwe mgeni wa kazi. Serikali ikawa inatoa maofisa wake wakafundishe vyuoni.

Mwaka wa 1894 idara kama hiyo ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Wilberforce, jimbo la Ohio. Hiki kilikuwa chuo cha watu weusi, nacho kilipewa jina la yule Mwingereza aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Ofisa wa kwanza kupelekwa alikuwa John Alexander, aliyekaa chumba kimoja na Young kule West Point. Hakukaa sana, akafariki ghafla mwaka huo huo. Luteni Young akatumwa kushika mahali pa rafiki yake.

Alifundisha hapo miaka minne. Gwaride lilikuwa lake, na darasani vile vile alikuwamo, akifundisha Kifaransa na hesabu, zile zile hesabu zilizomliza ujanani. Alikuwa pia mjuzi wa kupiga piano. Mwalimu mwenzake alikuwa W.E.B. Du Bois, mwanachuoni mashuhuri, na urafiki wao ulidumu hadi kifo.

Hapa ndipo pana swali zito, nami sitalikwepa. Kulikuwa na faida gani kuwafundisha vijana weusi uofisa katika nchi ambayo jeshi lake halikuwataka wawe maofisa? Mtu angeweza kusema ni kumpaka mgeni wanja ukumbini na kumfungia mlango wa chumbani. Naamini Young alilijua hilo kuliko sisi, lakini hakuacha kufundisha.

Alipoondoka Wilberforce alirudi katika kikosi cha wapanda farasi. Kule Fort Duchesne, jimbo la Utah, alimkuta sajini mmoja kijana aitwaye Benjamin Davis, akamsomesha kwa ajili ya mtihani wa uofisa. Davis akaupita mwaka wa 1901. Baadaye Young alipigana Ufilipino, akatumikia ubalozi wa nchi yake Haiti, na kutoka 1912 akawa Liberia akisaidia kulijenga jeshi la nchi hiyo.

Mwaka wa 1916 alikwenda vitani Mexico, akasifiwa kwa uongozi wake. Mwaka huo huo, tarehe 3 Juni, sheria mpya iliyakusanya mafunzo ya vyuoni yakawa kikosi kimoja cha kuwaandaa maofisa wa akiba, na kikosi hicho kingaliko mpaka leo. Naye Young, katika kambi ya Fort Huachuca, akafungua darasa la kuwatayarisha askari weusi kwa uofisa.

Mwaka wa 1917 Marekani iliingia katika Vita Vikuu vya Kwanza. Young alikuwa karibu kupata cheo cha kuongoza maelfu. Maofisa weupe waliotoka kusini hawakutaka kuamriwa na mweusi, wakapeleka malalamiko mpaka kwa Rais Wilson. Madaktari wakasema ana presha na ugonjwa wa figo. Ugonjwa ulikuwapo kweli, lakini haukuwa umemzuia kupigana Mexico mwaka uliotangulia. Akapewa ukanali, na papo hapo akastaafishwa.

Mwezi wa Juni 1918 alipanda farasi nyumbani kwake Wilberforce, akaenda mpaka Washington, safari ya maili 497, ili waone kama mgonjwa aweza hayo. Walimwita kazini siku tano tu kabla vita kwisha. Wahenga husema mcheza kwao hutunzwa, lakini Young alicheza kwao akanyimwa tuzo.

Alirudishwa Liberia mwaka wa 1920. Tarehe 8 Januari, 1922, akiwa safarini Nigeria, alifariki mjini Lagos kwa ugonjwa wa figo, akazikwa huko. Mwaka uliofuata mwili wake ulirudishwa kwao, akazikwa kwa heshima Arlington.

Je, kazi yake ilipotea? Wakati Young mwenyewe amewekwa kando mwaka ule wa 1917, vijana weusi wa vyuo vikuu walidai wafunguliwe kambi yao ya uofisa huko Des Moines, jimbo la Iowa, na tarehe 15 Oktoba weusi 639 wakavishwa vyeo. Yule sajini Davis naye alikuja kufundisha Wilberforce, na mwaka wa 1940 akawa jenerali wa kwanza mweusi wa Marekani. Mwanawe ndiye yule aliyehitimu West Point mwaka wa 1936, naye akawa jenerali. Young mwenyewe alipewa ubrigedia jenerali mwaka wa 2022, miaka 100 baada ya kufa.

Tuzo hiyo ilimkuta kaburini, lakini mimi naona tuzo kubwa zaidi alikwisha kujiwekea mwenyewe katika vichwa vya wanafunzi wake. Cheo hutolewa na watu, na watu waweza kukizuia. Elimu uliyokwisha kumpa mtoto wa mwenzio, hakuna awezaye kuichukua ila Mwenyezi Mungu aliyeijaalia.